Uwanja wa Madrid Nilioujulia Bankstown

Ukiingia chumba cha mzee kwa mara ya kwanza, usianze na glovu. Anza na jina. Bisha hodi hata kama mlango uko wazi, taja jina lako, mwite kwa jina lake, halafu usubiri. Wengi wenu mtaambiwa hakuna muda wa kusubiri. Muda upo. Mtu asipokujua atakukazia mwili, na mwili uliokazwa utakuvunja mgongo kabla ya saa ya chai.

Ninyi mnaoanza kazi hii mwaka huu, watoto wa Ingleburn na Bankstown, hapa Sydney, ambao nawaona kanisani mkisinzia kwenye mahubiri kwa sababu ya shifti ya usiku, nawaandikia ninyi. Nimestaafu. Mgongo wangu bado unaniruhusu kufunga kamba za viatu, na katika kazi yetu huo ni ushindi.

Sikuzaliwa mtunza wazee. Nilikuwa mwashi, Bujumbura kwanza, kisha kambini kule Kigoma, ambako nilijenga kuta za zahanati na vyoo visivyohesabika. Nilipofika Sydney niliambiwa ufundi wangu hautambuliki mpaka nisome upya, kwa Kiingereza, na umri wangu ulikuwa umekwisha kwenda. Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, alikuwa tayari akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee upande wa Bankstown. Akanipeleka. Siku ya kwanza nilimwinua bibi mmoja kama nilivyozoea kuinua vitu.

"Gaspard!" Mama Furaha akanikemea kwa sauti ya chini. "Huyo si mfuko wa saruji. Mwambie kwanza unataka kumfanya nini. Halafu goti, halafu nyonga, bega mwisho. Yeye mwenyewe atakusaidia."

Jaribuni. Goti, nyonga, bega. Hata mtu mzito hugeuka kama ukurasa.

Bibi huyo aliitwa Maureen. Alikaa wiki kadhaa akikataa kuogeshwa na mwanamume, na haki yake. Nilikuwa namletea chai tu na kumfungulia pazia. Siku moja Mama Furaha akawa mgonjwa, na Maureen akaniangalia sana, akasema, "All right then, lakini uimbe, nijue uko wapi." Basi nikawa namwogesha nimegeuza uso ukutani, nikiimba nyimbo za kwaya kwa Kirundi, naye akipiga besi. Tulicheka mpaka maji yakapoa.

Don Eusebio alikuwa jambo jingine. Mhispania, mrefu, mikono mikubwa kuliko yangu, kumbukumbu imeanza kumkimbia. Alikuwa akirusha vijiko. Watunzaji walikuwa wakipangiana zamu ya kumkwepa. Asubuhi moja nilikuwa nimemkalisha bafuni akikataa kuvua shati, na mimi nikiwa nimeishiwa maneno, nikaona kigae kimoja ukutani kimeinuka kidogo. Mkono wa mwashi haustaafu. Nikakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikatoa mlio wa utupu, ndani hakuna kilichokishika.

Nyuma yangu Don Eusebio akatoa neno moja la Kihispania, kwa dharau. Sikulijua neno lile lakini nilijua maana yake; mafundi wote duniani hulisema wakiona kazi mbovu. Akanyoosha mkono akagonga kigae cha pili, cha tatu, akitega sikio. Tukazunguka bafu zima. Tulipomaliza alivua shati mwenyewe.

Tulikuwa tunaelewana kwa Kifaransa changu, Kihispania chake, na Kiingereza kibovu cha wote wawili. Aliniita Gaspar. Nikajua kwamba ujanani alikuwa fundi wa paa mjini Madrid, na kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kukarabati mapaa ya uwanja mkubwa wa katikati ya mji, Plaza Mayor. Baadaye alikuja Australia, akafanya kazi kiwandani Wetherill Park mpaka akazeeka, na hakuna aliyemuuliza tena habari za paa.

Mimi nilimuuliza. Nilifanya hivyo kwa ajili ya kijiko, nawaambia kweli. Akiwa anasimulia, alikula.

Alinijengea uwanja ule juu ya sinia ya chakula. Biskuti zilikuwa nyumba, zimepangwa pande nne bila kuacha pengo, maana ni uwanja uliozungukwa na majengo yaliyoshikana kama ukuta mmoja. Chini kuna nguzo za jiwe gumu na kivuli cha kutembea chini ya matao. Juu yake tofali nyekundu na safu za vibaraza vya chuma. Juu kabisa paa za vibamba vya jiwe jeusi, zenye mwinuko mkali na minara iliyochongoka pembeni. Upande mmoja nyumba ya waokaji mikate, ambako zamani ilikuwa ikipangwa bei ya mkate wa mji mzima. Mkabala nayo nyumba ya wachinjaji. Alipofika hapo alikula biskuti ya wachinjaji.

Aliniambia kwamba kabla ya wafalme kuutamani, pale palikuwa soko nje ya ukuta wa mji, uwanja usio na umbo, umelalia mteremko. Wajenzi walilazimika kuusawazisha, na upande wa magharibi ardhi ikabaki chini sana. Ndiyo maana kwenye kona ile, penye tao la mafundi visu, unatoka uwanjani kwa ngazi za mawe, na nyumba za nje zina kuta zilizoegemea ndani, nene chini, nyembamba juu, kama mtu anayesukuma mlango kwa bega.

"Udongo unasukuma," nikasema.

"Udongo unasukuma," akasema, akanitazama kama mtu aliyepata ndugu.

Kulikuwa na sherehe pale, mapambano ya ng'ombe dume, kutangazwa kwa watakatifu, na pia mahakama za dini zilizowahukumu watu mbele ya umati, wahukumiwa wamevikwa kofia ndefu na mavazi ya aibu. Sherehe ya mfalme ikifika, mwenye nyumba alilazimika kuachia kibaraza chake kwa wakubwa, yeye asimame ndani achungulie kati ya mabega ya wageni. Na katikati, sanamu ya mfalme juu ya farasi wa shaba. Farasi huyo alikuwa na mdomo wazi. Shomoro waliingia kwa miaka na miaka, wakashindwa kutoka, na watu hawakujua mpaka fujo za siasa zilipofika na sanamu ikalipuliwa, mifupa midogo ikamwagika juu ya mawe. Ilipotengenezwa upya waliziba mdomo. Don Eusebio alisimulia hilo bila kucheka.

Lakini zaidi ya yote alisimulia moto. Uwanja ule uliungua mara tatu katika historia yake. Nyumba zilikuwa ndefu, ghorofa tano, zimejaa mbao, na moto ulikuwa ukiruka kutoka paa moja hadi jingine. Baada ya moto wa mwisho, mchoraji majengo aliyepewa kazi alishusha nyumba zote hadi ghorofa tatu na kuziba kona kwa matao makubwa, hivyo mitaa ikawa inaingia uwanjani chini ya nyumba. Huo ndio uwanja uliopo hadi leo.

"Gaspar," alikuwa akiniuliza ghafla, kijiko hewani, "moto ukija, utatokea wapi?"

"Tao la mafundi visu," nilikuwa nikijibu.

"Kwa nini?"

"Kuna ngazi. Moto hupanda. Sisi tunashuka."

Hapo alikubali kumeza.

*

Halafu ikaja Korona, na katika mwaka wake wa pili, majira ya baridi, upande wetu wa Sydney ukafungwa kuliko pande nyingine. Mnakumbuka helikopta. Mnakumbuka askari wakipita mitaani na sisi na karatasi zetu za ruhusa. Waliofungiwa nyumbani walituambia kwamba tuna bahati ya kutoka. Nilikuwa nikikaa kwenye gari pale maegesho ya kazini, injini imezimwa, mikono kwenye usukani, nikishindwa kufungua mlango. Na mimi ni mtu niliyewahi kukimbia vita.

Nyumba yetu ilikuwa na korido moja ndefu. Wazee wawili walipokutwa na virusi, ikagawanywa katikati kwa pazia la plastiki lenye zipu, kutoka dari hadi sakafuni. Nusu ya bustanini wakawekwa wagonjwa. Nusu ya upande wa chumba cha kufulia tukabaki na ambao bado hawajaugua. Maureen na Don Eusebio walikuwa kwetu. Wafanyakazi wengi walikuwa karantini, Mama Furaha mmoja wao, na tuliobaki tulivaa gauni, kofia, barakoa na ngao ya plastiki usoni mpaka hata sisi hatukujuana.

Hebu fikirini mzee ambaye akili yake iko Madrid ya zamani anapoona watu hao wakiingia chumbani. Don Eusebio alijibana ukutani. Aliona kofia na mavazi, akaona mahakama. Sauti yangu ndani ya barakoa haikuwa yangu. Akaacha kula.

Binti yake, Pilar, mwanamke wa makamo aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa akija kila alipopata ruhusa na kusimama katikati ya maua, nje ya dirisha. Alibandika kiganja kwenye kioo. Baba yake alitazama kiganja kile kama mtu anayetazama samaki. Siku moja aliniambia kwa simu, huku akiniona kupitia kioo, "Gaspard, please. Mfanye ale. Usimwache afe akiogopa."

Nikamwambia nitajaribu.

Moto ulianza baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa mashine ya kukaushia nguo. Mashuka yalikuwa yakifuliwa bila kupumzika na vumbi la pamba lilikuwa limejaa ndani. Jifunzeni kusafisha kichujio cha mashine hiyo hata kama si kazi yenu. Kwanza nilisikia harufu, kisha kengele, kisha moshi mweusi ukaanza kutambaa chini ya dari kutoka kwenye chumba cha kufulia. Mlango wetu wa dharura ulikuwa huko huko.

Sunita, muuguzi wa zamu, binti wa Kinepali ambaye angeweza kuwa mwanangu, alisimama mbele ya pazia la plastiki. Ngao yake ilikuwa imejaa mvuke. Upande wa pili wa plastiki tulisikia wagonjwa wakikohoa, na nyuma yao ndiko ulikokuwa mlango wa bustanini.

"Anko," akasema, "nikifungua hapa ninawapeleka kwenye Korona."

"Usipofungua?"

Akatazama moshi. "Waveshe barakoa wote. Wanaotembea kwanza." Akavuta zipu mpaka juu.

Vijana, watu wamebishana sana baadaye kuhusu zipu ile. Mimi nilikuwepo. Kulikuwa na maamuzi mawili, yote mabaya, na msichana yule alichagua lililo hai.

Nilimsukuma Maureen kwenye kiti chake nikamkabidhi kwa wenzangu wa upande wa pili. Wengine wakatoka, mmoja mmoja. Nikarudi kwa Don Eusebio. Alikuwa amekaa kitandani, mikono miwili imeshika chuma cha kitanda, vifundo vyeupe. Kengele ilikuwa ikipiga kelele kichwani mwetu. Nilipomgusa alinipiga kifuani.

"Don Eusebio, ni mimi. Gaspar."

Akapiga tena. Machoni mwake nilikuwa mmoja wa watu wa mahakama ile, nimekuja kumchukua. Mtu mrefu kama yule, akikaza mikono, hutamtoa peke yako. Ungemvunja mkono kabla hajaachia. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka juu ya mlango. Sunita alikuwa akiniita koridoni. Nikafikiri juu ya mke wangu na pumu yake, nikafikiri juu ya Pilar. Halafu nikatupa ngao sakafuni, nikavua kofia, nikateremsha barakoa hadi kidevuni, nikachutama mpaka uso wangu ukawa chini ya uso wake.

"Nitazame. Gaspar, mwashi."

Akatazama. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Unaungua," nikamwambia. "Upande wa waokaji mikate. Paa limeshika."

Macho yake yakapanda darini, yakaona moshi, na kwa mara ya kwanza siku zile kila alichokiona kilikuwa na maana. Akaniuliza kwa sauti ya fundi kazini:

"Ngazi ziko wazi?"

"Ziko wazi."

"Watu?"

"Wanashuka. Tumebaki sisi."

Akaachia chuma. Akasimama mwenyewe. Nilimvisha barakoa naye hakukataa, nikapandisha yangu, nikamshika kiunoni. Tulipita koridoni yeye akipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto kama mtu anayehesabu nguzo gizani, ameinama chini ya moshi; hilo hakuna aliyemfundisha siku ile, alikuwa nalo. Tulipofika kwenye pazia lililofunguliwa alisita, plastiki ikampiga usoni. "Tao," nikasema. Akapita. Kulia na kushoto vitanda vitupu vya wagonjwa, vimeachwa na mashuka yake. Kisha mlango, kisha upepo wa baridi wa Agosti.

Wote walikuwa pale kwenye nyasi, wagonjwa na wazima, wamefunikwa mablanketi, wakikohoa pamoja. Wazima moto walikuwa wakivuta mipira yao ya maji. Don Eusebio alizunguka polepole akikagua kuta nne za bustani yetu, mabati, mabomba, matofali ya kahawia.

"Wameshusha sana," akasema, hakuridhika.

*

Hakuna aliyeungua. Lakini virusi vilipata njia. Maureen alikutwa navyo siku chache baadaye, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Hakuna anayeweza kusema alivipata kwenye nyasi zile au vilikuwa vimekwisha kumwingia kabla. Mimi nimelifikiria sana, na Sunita amelifikiria zaidi. Nikimkumbuka Maureen namkumbuka akipiga besi, nimegeukia ukuta, maji yakipoa.

Mimi nami nikaugua. Nilijifungia kwenye gereji yangu, mke wangu akiniwekea uji mlangoni na kurudi nyuma kabla sijafungua. Kulikuwa na saa ambazo kifua kilikataa kabisa, nikawa nalala kifudifudi kama nilivyowalaza wengine, nikijiambia mwenyewe: goti, nyonga, bega. Nilichoogopa zaidi ni simu. Kila ilipolia nilidhani ni Pilar, ananiambia nimemwua baba yake kwa uso wangu.

Ilikuwa ni meneja. Alitaka kikao kwenye video. Walikuwa watatu, kila mmoja kwenye kijidirisha chake, nami nimekaa kati ya matairi na baiskeli ya mtoto.

"Gaspard, ni kweli ulivua barakoa ndani ya chumba cha mkazi?"

"Ni kweli."

"Unajua utaratibu?"

"Nawafundisha wengine huo utaratibu."

"Then why?"

Nikajaribu kueleza uwanja. Nikaona nyuso zao zikinipotea. Sunita, ambaye alikuwa ameitwa kama shahidi, akaingilia: "Nilimwita mara mbili, mzee hatoki. Mara ya tatu nilipochungulia walikuwa wanatembea. Mimi nisingemtoa." Kisha akaongeza, "Na aliyefungua zipu ni mimi. Kama mnaandika, andikeni na hilo."

Walinipa onyo. Sunita alisifiwa kwa mdomo, halafu akahamishiwa tawi lingine, na mimi sikuelewa ile ilikuwa sifa au adhabu. Mtakutana na hayo. Msiache yawakaushe.

Vipimo vya Don Eusebio vilitoka safi, kila mara. Msiniulize kwa nini yeye.

Nilirudi kazini pumzi ikiwa fupi, na milango ikafunguliwa kwa wageni majira ya machipuo. Pilar aliingia chumbani kwa baba yake na barakoa yake, amejipaka manukato, amebeba maua. Baba yake alimsalimia kwa heshima kama anavyosalimiwa mgeni. Hakumjua. Pilar alikaa, maua magotini, akijikaza.

Nilitaka kutoka. Akanizuia. "Baki. Wewe anaongea na wewe." Akaniambia kwamba nyumbani kwao baba yake hakuwa mtu wa hadithi. Alirudi kutoka kiwandani amechoka, aliongea naye kwa Kihispania, yeye alijibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yalikuwa ya shule na ya chakula. Habari za Madrid alizozijua zilitosha kwenye postikadi. Nikafikiri juu ya binti yangu mwenyewe, anavyonijibu, na mambo ya Bujumbura ambayo hajawahi kuniuliza wala mimi kumwambia.

Basi nikamuuliza Don Eusebio kitu ambacho sikuwahi kumuuliza. "Kule juu ya paa, ulikuwa unaona nini?"

Akafikiri. "Nguo," akasema. "Upande wa wachinjaji, kibaraza cha juu. Msichana anaanika mashuka. Niliteleza, kibamba kikaniponyoka, kikapasukia karibu na miguu yake. Alinitukana! Mbele ya uwanja mzima. Alinitukana mimi, akamtukana baba yangu, akalitukana paa." Alikuwa akicheka mpaka machozi. "Kesho yake nikarudi kwenye upande ule ule. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza."

Pilar alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema na baba yake kwa Kihispania, pole pole, akitafuta maneno.

"Anaitwaje huyo msichana?"

"Remedios."

Maua yalianguka. Pilar aliniambia baadaye kwamba miaka yote alidhani wazazi wake walikutana melini, wakija huku. Mama yake, Remedios huyo, alikuwa amekwisha kufa bila kuulizwa. Wakati ule aliushika tu mkono ule mkubwa.

Don Eusebio akamtazama vizuri, kichwa upande. "Unamjua Remedios?"

"Namjua," Pilar akasema.

"Utamwona leo?"

Pilar akaitikia kwa kichwa.

"Basi mwambie asiingie ndani," akasema Don Eusebio, akijiweka sawa kitini, akijifuta vumbi mapajani. "Mwambie nashuka sasa hivi."